Kioo Chini ya Glasi ya Chai

Zaina mwanangu,

Salamu tutapeana jioni ukirudi, na kuagana tutaagana kesho stendi, kwa hiyo hapa naviruka vyote viwili. Wewe sasa hivi uko Sikuda na shangazi yako, mmekwenda kumuaga bibi, na najua hatawaachia mpaka mle. Nina saa mbili, labda tatu. Nimefunga geti la karakana, nimewaambia watu leo hakuna kazi, na nimekaa kwenye chumba cha rangi na daftari lako la zamani la kemia, lile lililobaki kurasa nyingi nyuma.

Sitakuandikia habari za kula, wala za baridi, wala za kuchagua marafiki. Shangazi Mwanaidi ameshakuambia hayo mara tano, na mara ya tano nilikuona unaitikia huku unahesabu soksi. Una miaka ishirini na minne. Huko Afrika Kusini unakokwenda kusoma kuna watu watakaokuonyesha basi la kupanda. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni la vile vioo vyako vya sola, vile vilivyokuliza mwaka wako wa mwisho chuoni. Nimelibeba miaka miwili. Nitazunguka kidogo kabla sijalifikia, na ukiona nazunguka ujue naogopa.

Najua utakicheka Kiswahili changu cha kwenye karatasi. Nilisoma upande wa Kenya mpaka darasa la saba, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo kwa kila kosa la ngeli. Nikifungua mdomo naongea kama watu wa hapa Busia ya Uganda, lakini nikishika kalamu bado naiogopa ile fimbo.

Chumba hiki unakijua kuliko chumba chako cha kulala. Kabla ya kupuliza rangi lazima sakafu imwagiwe maji ili vumbi lilale, maana vumbi la malori yanayosubiri kuvuka mpaka likishakaa kwenye rangi mbichi halitoki hata ulibembeleze. Kazi hiyo ilikuwa yako tangu una miaka saba. Ulikuwa na kopo lako la bluu, unamwaga huku unarudi kinyumenyume mpaka mlangoni ili usikanyage ulipokwisha kumwaga, halafu unaniambia, "Fundi, ingia." Mama yako alikuwa akisikia anacheka mpaka anashika ukuta.

Siku moja alikuja dereva wa trela, akaniuliza kwa nini rangi ya mlango wake imepasukapasuka na haina hata mwaka. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Ulisogea, ukapapasa ule mlango kwa kidole, ukamjibu kabla yangu: "Huyo alipaka mara moja nene. Baba yeye anapaka mara tatu nyembamba." Yule mtu alinitazama, na mimi nikajifanya natafuta msasa, maana machozi yalikuwa karibu. Sina mtoto mwingine. Nilijua siku hiyo kwamba mkono wangu umepata mrithi, na sikukuambia kamwe. Nilidhani unajua.

Sasa nikuambie fundi mbaya anafanya nini. Mlango wa lori ukiwa na kutu, kazi ya halali ni kukwangua kwa msasa mpaka chuma king'ae, halafu praima ya kuzuia kutu, halafu rangi. Fundi mbaya anapaka juu ya kutu. Mwenye gari anakuja, anaona mng'aro, anashukuru na kuondoka. Baada ya miezi sita rangi inaumuka, ukiibonyeza inapasuka, na chini yake chuma kimeliwa. Kwenye magari ya watu sijawahi kufanya hivyo, Mungu ni shahidi. Nyumbani nimefanya mara mbili.

Ya kwanza unaijua nusu. Ulikuwa senia tatu, sekondari ya bweni kule Tororo, na kila Jumapili ya wazazi nilikuja na mandazi na sabuni. Ukaniuliza, "Mama je?" Nikasema amebaki dukani. "Na mguu yake nayo, bado inavimba?" Nikasema inapona. Haukuwa mguu tena wakati huo, Zaina. Zilikuwa figo, na hospitali walikuwa wameshaniambia. Mama yako mwenyewe aliniambia, "Lete mtoto nimuone." Nikamjibu tumwache amalize mitihani. Akasema tena siku ya pili. Mara ya tatu alinitazama tu, kisha akageukia ukutani.

Wiki tatu nzima nilikuwa na nauli mfukoni na mwamba wa Tororo ukionekana kutoka barabarani, na sikupanda gari kuja kukuchukua. Nilijiambia nakukinga. Watu hupenda kusema mficha maradhi kifo humuumbua, na huwa wanamsema mgonjwa. Mama yako Nafula hakuficha chochote. Aliyeficha ni mimi niliyekuwa mzima, na aliyeumbuka ni wewe, uliyefika Alhamisi na sanduku lako la bati ukakuta mama amezikwa Jumatano baada ya alasiri. Ulisimama pale mlangoni, ukasema neno moja: "Mngeningoja." Nikakujibu kwamba dini haipendi maiti akae. Ni kweli haipendi, na ukakubali kwa sababu ni kweli. Lakini zile wiki tatu hazikuwa za dini. Zilikuwa zangu, na mimi nilikimbilia nyuma ya dini ili usinione.

Hiyo ndiyo ya kwanza.

Ya pili ilianza siku ulipokuja kutoka chuoni kwako Busitema na feni ya kompyuta mbovu kwenye mfuko wa nailoni. Ulisema, "Baba, nisaidie na kona moja ya chumba yako ya rangi. Kule tuko wengi, zamu yangu inafika mara moja kwa wiki. Na hapa hakuna vumbi." Nilifurahi kama mtu aliyechumbiwa. Nilikusafishia meza ya dirishani, nikakuwekea taa. Ukafunga ile feni juu ya ubao, ukabandika kipande cha kioo katikati yake, kidogo kama kiberiti, ukadondosha tone moja kwa bomba la sindano, feni ikazunguka, na kioo kikabaki na utando mwembamba mwekundu. Nikakuuliza hiyo ni rangi ya nini. "Siyo rangi, Baba. Ni sola. Sola ya kupaka."

Nilicheka. Sola ninayoijua mimi ni lile bamba jeusi juu ya paa la duka, gumu, mvua ya mawe ikipiga tunaomba dua. Wewe ulikuwa na chupa ndogo mbili ambazo mwalimu wako alizipata kwa watu wa nje, dawa moja nyekundu, nyingine ya kahawia, unazichanganya kwenye kitu kama thina, ile ya kuyeyushia rangi, na kupaka. Nikataka kujua kwa nini mbili, kwa nini isiwe moja. Ulivuta ndoo, ukakaa juu yake, ukanieleza, na mpaka leo nakumbuka maneno yako kwa sababu ulinieleza kwa mji wetu.

"Baba, sikia. Jua ikipiga hii nyekundu, wanazaliwa mapacha. Wameshikana mkono, na hawana nguvu ya kwenda mbali. Lazima wafike mpakani haraka, mpaka ya nyekundu na kahawia. Wakifika pale wanaachana. Mmoja anakwenda Kenya, mmoja anakwenda Uganda. Hiyo kuachana kwao ndiyo inaleta umeme."

"Na wasipofika?"

"Wanakufa njiani. Jua imepotea bure."

Nikakuambia basi changanya sana, ili mpaka uwe karibu na kila mtu. Ukanicheka wewe sasa. "Ukichanganya sana, wote wanafika mpakani, lakini barabara hakuna. Inakuwa kama soko siku imejaa, umefika lakini kutoka huwezi. Tunataka mpaka ikuwe karibu, na zile njia za panya zikuwe zimefunguka mpaka mwisho, ya Kenya mpaka Kenya, ya Uganda mpaka Uganda."

"Na nani anazichonga hizo njia?"

"Hakuna mtu. Zinajipanga zenyewe wakati inakauka." Halafu ukashusha sauti, kama unanipa siri ya mtu. "Dawa ni hiyo hiyo, Baba, kipimo ni hicho hicho. Ikikauka haraka, inaganda vile ilikuwa, imevurugika. Ikikauka polepole, nyekundu inapata nafasi ya kujipanga kama nyuzi. Hata rangi inabadilika, inakuwa zambarau. Mimi nataka nione hiyo zambarau."

Ukaniambia na habari ya unene: ukipaka nene unakamata jua lote lakini wale mapacha wakishaachana safari inawashinda, ukipaka nyembamba mno jua linapita na kuondoka zake. Hiyo niliielewa kabla hujamaliza. Mtoto wangu alikuwa amekwenda chuo kikuu akarudi na kazi yangu ile ile, ila ya kwake ilizaa umeme. Usiku huo nililala vizuri, jambo ambalo tangu Nafula aondoke lilikuwa nadra.

Ile Jumamosi yenyewe uliamka mapema. Ulipaka vioo kumi. Vitano uliviacha wazi vikauke haraka. Vitano uliviweka chini ya bakuli la kioo la mama yako, lile la pilau ya Idi, na pamba iliyolowa ile thina yako pembeni ili mvuke ubaki humo ndani na vikauke polepole. Ukabandika karatasi juu: USIFUNGUE. Ukaniambia na kwa mdomo, maana unanijua. "Baba, hata ukiona maji, wewe acha tu. Mpaka jioni." Kisha ukavuka kwenda Busia ya Kenya kuchapisha karatasi zako. Jumatatu ulitakiwa uvipeleke vyote chuoni vikapimwe.

Hapa ndipo nataka unielewe. Usiseme Baba alikuwa na haraka. Sikuwa na haraka. Mwaka wangu wa kwanza wa kujitegemea, kabla hujazaliwa, nilipaka boneti ya lori rangi ya kijani, mvua ikaanza kunyesha, nikaogopa, nikaifunika kwa turubai ikiwa bado mbichi. Asubuhi nikakuta imepiga ukungu, kijani chote kimekuwa na weupe wa maziwa. Nilikikwangua kwa mkono siku tatu, mwenye lori amekaa kwenye kiti ananitazama. Tangu siku hiyo nina sheria moja ambayo mafundi wote wa mpakani wanaijua: msimu wa mvua, rangi mbichi haifunikwi. Inapewa joto. Sheria hiyo imenilisha, imekulisha na wewe, imekupeleka shule.

Sasa niliingia mchana kuchukua msasa, mvua ikiwa imetoka kunyesha, nikaona bakuli limelia matone kwa ndani na vioo vyako bado vimelowa. Nikasoma ile karatasi. Nikasema moyoni, mtoto amesahau tuko kwenye mvua, hii itampiga ukungu, Jumatatu atakwenda na aibu. Nilikuonea huruma, Zaina. Nilikuona wewe ukiwa yule kijana niliyekuwa mimi, unatazamwa kutoka kwenye kile kiti cha mwenye lori. Nikafunua bakuli. Nikavipanga vioo vitano kwenye ubao na kuviwashia zile balbu kubwa za kukaushia milango.

Havikuchukua muda. Vilikauka mbele ya macho yangu, na vikabaki vyekundu, wekundu wa tofali, sawasawa na vile vitano ulivyoviacha wazi. Nilisubiri zambarau. Nilisimama pale na balbu zikinichoma shingo, nikisubiri zambarau kama mjinga, mpaka nikaelewa nilichofanya. Hapo nilikuwa bado na saa nzima ya kuwa mtu mwema. Ningekaa mlangoni nikungoje, nikuambie nimeharibu, na kwenye chupa kulikuwa bado na dawa ya kutosha vioo vichache. Badala yake nilivirudisha chini ya bakuli, nikaweka na pamba mahali pake, nikabandika karatasi vizuri.

Ulirudi jioni. Ulifunua, ukasema, "Eh, zimekauka mapema."

Nikasema, "Leo kulikuwa na joto."

Ulitazama uani, ukaona madimbwi. Ukanitazama mimi. Kisha ukaniamini, kwa sababu mimi ni baba yako, ukaandika kwenye daftari lako.

Jumatatu ulirudi kutoka Busitema magharibi inaingia, ukakaa kwenye ngazi ya karakana na mkoba mgongoni. Vya haraka na vya polepole vilikuwa vimetoa umeme ule ule mdogo. Ile dawa iliyobaki ulikuwa umeirudisha chuoni siku hiyo, na mwalimu wako alishampa mwanafunzi mwingine, maana kwa vipimo vile hakuona sababu ya kurudia, naye asingeweza kujua nilichofanya. Nikakuletea chai. Ulishika kikombe bila kunywa, ukaangalia vidole vyako, ukasema, "Kipimo nilifuata. Kila kitu nilifuata. Ni mkono tu. Mimi mkono yangu si kama yako, Baba."

Nimesikia matusi mengi maishani, ya wateja, ya askari wa barabarani, ya ndugu wa mama yako siku ya mazishi. Hakuna lililoniingia kama hilo. Na jibu nilikuwa nalo mdomoni. Nikakuambia, "Kunywa chai, itapoa."

Ulinituma nitupe kila kitu. Nilianza na ile feni, nikashindwa, nikaiweka juu ya kabati. Wiki moja baadaye nikawa nasogeza makopo dirishani, nyuma yake nikakuta glasi ya chai imepinduliwa, na ndani yake kioo kimoja kidogo chenye pembe iliyomeguka. Kilikuwa cha majaribio. Asubuhi ile ile ya Jumamosi ulikipaka kwanza, ukakifunika kwa glasi uliyomaliza kunywea, halafu ukakisahau. Mimi sikukiona, kwa hiyo sikukisaidia. Nilikiinua kwenye mwanga. Kilikuwa zambarau, Zaina. Zambarau iliyokolea, imetulia, hakuna doa, hakuna tundu, pembeni mpaka pembeni. Nimepaka rangi miaka thelathini na moja na sina kazi moja iliyotulia vile. Dawa ilikuwa ile ile na kipimo kile kile, na mkono ulikuwa wako. Tofauti ilikuwa kwamba hicho kiliachwa kikauke kwa wakati wake.

Unaweza kuuliza kwa nini sikukimbia nacho mpaka Busitema siku hiyo hiyo. Nilikifunga kwenye kitambaa na kukitia kwenye kopo tupu la praima lenye mfuniko, gizani, nikajiambia nitakupa Ijumaa ukija. Ijumaa ukaja umechoka. Ijumaa nyingine ukawa unacheka kwa mara ya kwanza, nikasema nisikuharibie. Halafu ukakabidhi ripoti, nikasema sasa kuna faida gani. Hivyo ndivyo inavyokwenda. Mtu hakai kimya miaka miwili kwa mara moja. Anakaa kimya siku moja, kisha nyingine, na kila moja ina sababu yake nzuri.

Ningekaa nalo mpaka kaburini. Lakini mwezi uliopita mlikuwa jikoni na shangazi yako mnachambua mchele, akakuuliza huko unakwenda kusoma nini hasa, ukamwambia utashika upande wa kompyuta, wa kukokotoa vile tando zinajipanga ndani. Akasema, "Si ulikuwa unatengeneza mwenyewe?" Ukajibu, "Kutengeneza nilishindwa, shangazi. Nawaachia wenye mkono." Ulisema bila huzuni, kama mtu anayetaja kimo chake. Mimi nilikuwa barazani navua viatu. Nilikaa na kiatu kimoja mkononi mpaka adhana.

Sikuambii uache kompyuta. Labda unazipenda kweli, na kama unazipenda nitajisifu kwa watu wa stendi kwa jambo nisilolielewa. Ninachotaka ni uchague ukijua. Umejenga njia yako juu ya Jumamosi moja ambayo haikutokea vile ulivyoandika kwenye daftari, na aliyeibadilisha ni mimi. Ukifika huko, ukiwakuta watu wanapaka vioo na moyo ukakuvuta, usirudi nyuma eti mkono huna. Mkono unao. Ulikuwa nao ukiwa na miaka kumi, kidole chako kwenye mlango wa trela la mtu.

Nimeifikiria sana sheria yangu ya turubai. Si sheria mbaya. Kwa boneti bado ni ya kweli, na kesho ikinyesha nitaifuata. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kilichonifundisha mimi kinakuhusu na wewe hata pale ulipoandika kwa herufi kubwa kwamba hapana. Mama yako alisema lete mtoto, nikafunika. Wewe ulisema usifungue, nikafungua. Nyote wawili mliniambia kwa mdomo mnachotaka, na mara zote mbili nilijiona najua zaidi kwa sababu nawapenda. Nina majuto mengi, lakini hayo ndiyo huniamsha kabla ya alfajiri.

Na kwa kuwa nimeanza kukwangua, nikwangue yote. Kile kikohozi nilichokuambia ni mafua si mafua. Daktari wa Tororo amenipulizisha kwenye mashine yake, akasema mapafu yamevuta rangi nyingi, niache kupuliza. Amenipa dawa ya kuvuta kwa mdomo, asubuhi na jioni. Si kifo cha kesho, na sikuambii ili ubaki. Ukibaki kwa ajili hiyo nitakufukuza mwenyewe. Nitakuwa nachanganya rangi na kukwangua, wengine watapuliza. Nakuambia kwa sababu safari hii ukiniuliza kwenye simu "na kifua nayo?", nataka uwe unauliza kitu unachokijua.

Nitakukosa, Zaina. Hilo nalo sijawahi kukuambia. Tangu mama yako aondoke nimeishi kwa kusikiliza geti: ukifika kutoka bweni, ukifika kutoka chuo, kila Ijumaa. Kuanzia kesho geti litakuwa geti tu. Nimemwagia sakafu maji leo bila kazi yoyote, nikarudi kinyumenyume mpaka mlangoni kama wewe, na hakukuwa na mtu wa kumwambia aingie. Nimelia hapo, kama unataka kujua, na hakuna aliyeniona.

Mpango wangu ulikuwa barua hii niifiche kwenye begi lako, ndani ya kiatu, uikute ukiwa umeshavuka nchi mbili. Nilishachagua mpaka kiatu. Nimefika ukurasa huu nikaona ni bakuli lile lile ninalolirudisha juu ya vioo vile vile, nikae mbali wakati wewe unalia peke yako kwenye chumba cha watu. Kwa hiyo hapana. Nitakupa mkononi leo, kukiwa bado na mwanga, na utaisoma mbele yangu nikiwa nimekaa. Ukitaka kusema, sema. Ukitaka kunyamaza mpaka kesho stendi, nitabeba begi lako na kunyamaza na wewe. Sikuombi unisamehe leo. Mambo mengine yaachwe yakauke kwa wakati wake, hilo angalau umenifundisha.

Kioo nimekitoa kwenye kopo. Sijui kama bado kina umeme ndani, wewe ndiye utakayejua, lakini rangi haijaondoka.

Nasikia pikipiki imesimama nje, na shangazi yako anabishana na mtu wa boda. Huyo anayecheka ni wewe. Nakwenda kufungua geti. Kioo kiko juu ya meza ya dirishani, pale pale ulipokiacha, na sikukifunika.

Baba yako.